Nani hasa alimtengeneza Sting kabla dunia haijamjua: Newcastle, akina Copeland au bahati?

#1 Mzee wa Santuri
Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye uzi wa nyimbo za miaka ya 80 kuna mtu kaandika kwamba Sting, yule mwimbaji na mpiga besi wa bendi ya Kiingereza The Police, "aliokotwa" London na wenzake wawili, wakapaka nywele rangi, wakatoa wimbo wa Roxanne, maisha yakanyooka. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nimefungua huu.

Msimamo wangu: mtu huyu alikuwa ameshaiva kabla hajahamia London Januari 1977. Gordon Sumner, ndiye huyo Sting, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1951 Wallsend, jirani na Newcastle, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kwenye mtaa ulioishia kwenye yadi ya kuunda meli ya Swan Hunter. Baba muuza maziwa, mama msusi aliyejua kupiga piano. Kabla muziki haujamlisha aliwahi kuwa kondakta wa basi, kibarua wa ujenzi na karani wa ofisi ya mapato. Kisha akasomea ualimu, akafundisha shule ya msingi Cramlington miaka miwili. Na muda wote huo usiku anapiga besi na wazee wa jazi. Mtu wa namna hiyo haokotwi!

Mwenye hoja tofauti ailete, na aje na mwaka wake.

#2 Kanda Mbovu
Nimeingia mbio nikijua tunawajadili Polisi Jazz, Wana Vangavanga. Nakuta polisi wa Uingereza. Haya, sitoki, nifundisheni.

#3 Fundi Redio
Mzee wa Santuri, hayo ya Wallsend uko sawa, ila tusimpe mtoto baba asiye wake. The Police ni bendi ya mpiga dramu Stewart Copeland. Jina ni lake, wazo ni lake, na santuri yao ya kwanza, Fall Out ya Mei 1977, wimbo kautunga yeye. Kabla ya hapo alikuwa anamalizana na bendi ya Curved Air. Walikwenda kupiga Newcastle mwishoni mwa 1976, akapelekwa kuwaona Last Exit, bendi ya Sting. Akamwona mpiga besi anaimba huku mkono wake unafanya kazi nyingine kabisa, akamweka akilini.

Copeland asingefika Newcastle msimu ule, leo Sting angekuwa mwalimu mkuu mstaafu.

#4 Mzee wa Santuri
Fundi, soma tena post yangu, hakuna mahali nimesema alianzisha The Police. Nimesema alikuwa ameiva. Na hilo la mwalimu mkuu halisimami: chaki aliiacha 1976, kabla Copeland hajamtia machoni. Alishaamua kuishi kwa besi.

#5 Mwana wa Kigamboni
Mimi nilimjua kupitia Puff Daddy, ule wimbo wa kumlilia rapa Notorious B.I.G. mwaka 1997. Baadaye sana ndio nikaambiwa chini yake kuna Every Breath You Take ya 1983. Swali la mgeni: hilo jina Sting alipewa na nani? Nimesikia alijipa mwenyewe ili aonekane mpanki, wale wa roki ya fujo.

#6 Nyota ya Tyne
Kigamboni, si kweli. Alipewa na wazee wa Phoenix Jazzmen, bendi ya jazi ya kizamani ya Newcastle. Kijana alikuwa na mazoea ya kuvaa sweta lenye mistari myeusi na ya njano, kiongozi wa bendi Gordon Solomon akamwona kama nyigu, jina likaganda. Panki ilikuwa haijazaliwa.

Mimi naishi huku Tyneside, eneo la Newcastle na Wallsend, kwa hiyo niongeze kidogo. Ukishuka kituo cha treni cha Wallsend unakuta vibao vya Kiingereza na Kilatini, kwa sababu ndipo ukuta wa Warumi wa Hadrian ulipoishia. Ngome yao imefukuliwa hapo hapo, na pembeni ndipo palipokuwa na yadi ya Swan Hunter. Kuna picha maarufu za mwaka 1969 za meli ya mafuta ya Esso Northumbria, ya tani zaidi ya robo milioni. Nyumba za matofali mekundu zimejipanga pande mbili, wamama wamesimama mlangoni, na mwisho wa barabara kuna ukuta wa chuma unaozidi mapaa yote. Mtoto aliyekulia hapo anaona kila kukicha wanaume wanaingia yadini kwa maelfu, na anajua anategemewa awafuate. Wanaosema alikuwa na tamaa ya kutoka wana haki. Yeyote angekuwa nayo.

#7 Dada wa Besi
Napiga besi Arusha, acheni niongee cha kwangu.

Mnabishana nani alimwona na nani alimwita. Sikilizeni vidole. Chukueni So Lonely ya albamu ya kwanza. Mzunguko wa kodi zake ni C, G, Am, F. Ni mzunguko ule ule wa No Woman, No Cry ya Bob Marley, na Sting mwenyewe hajawahi kuficha hilo. Kwenye beti wanapiga kirege, besi inaacha mapengo, gitaa linakata kodi fupi fupi. Wakifika kwenye kiitikio wanafungulia, inakuwa roki ya mbio. Kodi hazibadiliki, kinachobadilika ni mwendo tu. Ujanja huo unahitaji mpiga besi anayejua kunyamaza, na kunyamaza hufundishwi na panki. Panki ni kujaza kila pigo.

Halafu jaribuni kuimba juu yake. Mimi bado napotea. Besi inaingia pale sauti inapotoka, na sauti inaingia pale besi inapotoka. Alijifunza wapi? Kwa wazee wa jazi na kwa Newcastle Big Band, bendi ya tarumbeta na saksafoni nyingi inayopiga kwa nota, ukikosea unatazamwa na watu ishirini. Kwa hiyo nasimama na mleta mada.

#8 Kanda Mbovu
Dada wa Besi kaja na darasa kamili. Nimechukua gitaa la mdogo wangu hapa, C, G, Am, F... aisee!! Nimeimba No Woman, No Cry mpaka jirani kagonga ukuta.

#9 Bin Kibokoni
Salaam kutoka Mombasa.

Dada yangu, nakubaliana nawe nusu. Hayo mapengo unayoyasifu, nusu yake ni ya Copeland. Yule bwana ni Mmarekani kwa pasi tu. Amelelewa Cairo na Beirut, baba yake akiwa mtu wa CIA. Masikio yake yalijaa ngoma za Kiarabu tangu udogoni, na ameeleza mara nyingi kwamba rege ilipomfikia haikumtisha, kwani kule nako lile pigo zito la mwanzo huachwa wazi. Sisi watu wa pwani tuliokua na taarabu tukimsikiliza anavyogonga sahani za dramu twamwelewa haraka.

Na Roxanne yenyewe ushahidi. Sting aliitunga Paris Oktoba 1977, akaileta ikiwa bossa nova, mdundo laini wa Brazil. Copeland akasema hapana, akahamisha mkazo wa mapigo, ikawa kile kitu chenye harufu ya tango na rege ambacho twakijua. Bila yeye ingekuwa wimbo wa baa ya hoteli.

#10 Fundi Redio
Asante Bin Kibokoni. Nakazia.

#11 Dada wa Besi
Kaka Bin Kibokoni, nani aliyeandika melodi na maneno? Mdundo ukibadilishwa wimbo unabaki wa mtunzi. Na usiidharau baa ya hoteli, ada yangu ya chuo imetoka humo.

#12 Bin Kibokoni
Sijaidharau hata chembe, nami nimepiga mahotelini ufukweni miaka mingi. Ndiyo maana naijua tofauti. Pale wapiga kile mgeni anachotaka kula nacho chakula. Sting naye alipita humo: vilabu vya wafanyakazi, kuwapigia wachekeshaji, hata kwenye meli ya abiria. Yampa mtu mkono mwepesi, lakini hayampi sauti yake mwenyewe. Sauti huja ukikutana na mtu anayekubishia.

#13 Chaki na Ubao
Wakuu, mnaupita ualimu kama kituo cha basi. Mimi nimefundisha darasa la tatu mchana na kupiga ridhimu kwenye bendi ya mtaani usiku, hadi mkuu wa shule niliyokuwa nayo akaniambia nichague. Nilichagua mshahara, na sijutii.

Ninachojua ni hiki. Watoto wa miaka minane hawana adabu ya kukusikiliza kwa sababu umevaa vizuri. Ukipoteza sekunde mbili wameshaondoka kichwani. Unajifunza kupandisha sauti ipite juu ya kelele bila kukwaruza koo. Unajifunza kurudia jambo moja hadi likae, na kujua muda gani wa kunyamaza ili wote wakutazame. Sasa tazameni maonyesho ya The Police ya 1979 na 1980. Yule anafundisha! Anawapa watu mwitikio mfupi, wanaurudisha, anaupandisha, wanaurudisha tena. Panki waliwatemea watu mate, huyu aliwaimbisha.

#14 Mwana wa Kigamboni
Mwalimu, na ule wimbo wa mwalimu na mwanafunzi je? Si ndiyo maisha yake?

#15 Chaki na Ubao
Don't Stand So Close to Me, 1980, santuri ndogo iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka ule. Mwenyewe amekana kwamba ni kisa chake, na shule aliyofundisha ilikuwa ya watoto wadogo kabisa. Anachokijua pale ni harufu ya chumba cha walimu.

#16 Nyota ya Tyne
Kwa hoja ya mwalimu, oneni ajabu ya eneo hili. Bryan Ferry wa Roxy Music, mtoto wa Washington, County Durham, kasoma sanaa Newcastle, akafundisha ufinyanzi London. Mark Knopfler kakulia Blyth, juu kidogo ya hapa, akafundisha Kiingereza Loughton College kabla ya Dire Straits. Halafu Sting. Watatu kutoka eneo moja, wote walimu, wote wakaja kuwa sauti zinazojulikana hadi Bukoba.

#17 Kanda Mbovu
Knopfler alikuwa mwalimu?! Marehemu mzee wangu alikuwa na kanda ya Brothers in Arms kwenye pikapu yake, hiyo na kwaya tu. Ningemwambia hilo angefurahi sana, naye alikuwa mwalimu.

#18 Mzee wa Santuri
Pole na hongera kwa mzee, alikuwa na sikio. Kwenye albamu hiyo hiyo ya 1985, Money for Nothing, ile sauti nyembamba ya mwanzoni ni ya Sting.

#19 Msanii wa Nakuru
Hamjambo. Mimi niko na maoni tofauti kabisa na nyinyi wote. Mnaongea talanta, mimi naongea biashara. The Police ilifanikiwa kwa sababu ya ndugu watatu wa Copeland. Stewart kwenye dramu. Miles, kaka mkubwa, meneja, alikuwa amesimamia bendi za Wishbone Ash na Curved Air, biashara ikamporomokea 1975, akaanza upya na vijana wa panki. Ian alikuwa Marekani, kazi yake kutafutia bendi kumbi. Familia moja ilikuwa na bendi, lebo na wakala.

Fall Out ilirekodiwa kwa pauni 150 hivi, ikatoka kwa Illegal Records, lebo yao wenyewe. Albamu ya kwanza, Outlandos d'Amour, iligharimu kama pauni 1,500, Surrey Sound pale Leatherhead, studio ya Nigel Gray, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa wagonjwa. Wakarekodi kwa vipande, wakingoja studio iwe wazi. Miles alipopeleka Roxanne kwa kampuni ya santuri ya A&M hakuomba pesa ya mbele, aliomba asilimia nzuri zaidi. Bendi zingine za wakati huo zilichukua malipo makubwa ya mbele zikabaki na deni miaka kumi. Hiyo ndiyo siri.

#20 Fundi Redio
Msanii, umeleta vitu. Ila ongeza ukweli mmoja: Miles mwanzoni hakuwataka. Aliwaona ni wapiga jazi na roki ya zamani waliojivika panki. Roxanne ndiyo iliyomgeuza, na wao walikuwa karibu kuificha wakidhani ataicheka.

#21 Mzee wa Santuri
Basi Fundi umenisaidia. Kilichomgeuza meneja ni wimbo. Na wimbo ni wa nani?

#22 Fundi Redio
Mdundo ni wa nani? 😀

#23 Gitaa Kavu
Nimesoma mwanzo mpaka hapa, Andy Summers, mpiga gitaa wa The Police, hajatajwa hata mara moja. Hamumtendei haki.

Alizaliwa Desemba 1942, mwaka mmoja na Jimi Hendrix na Paul McCartney. Sting alipokuwa na miaka 15 alikwenda Club A'Gogo, Newcastle, Machi 1967, akamwona Hendrix kwa macho yake. Miaka kumi baadaye anasimama jukwaani na mpiga gitaa wa rika la Hendrix! Summers alikuwa ameshapita bendi kadhaa: ya Zoot Money, Soft Machine kwa muda mfupi, Eric Burdon and the Animals, halafu akaenda kusoma gitaa la klasiki California. Walikutana Mei 1977, Mike Howlett wa bendi ya Gong alipowakusanya kwa onyesho la Paris, kundi wakaliita Strontium 90.

Kabla yake gitaa lilikuwa la Henry Padovani, kijana wa Corsica mwenye moyo mzuri na kodi chache. Kwa Padovani, Sting asingeweza kuleta tungo zake za kodi ngumu, angebaki kuimba za Copeland. Julai na Agosti 1977 wakapiga wanne kwa muda mfupi, Mont-de-Marsan kule Ufaransa wakiwemo, kisha Padovani akatoka. Mtunzi Sting alifunguliwa mlango na mkono wa Summers.

#24 Dada wa Besi
Gitaa Kavu, hii nzito. Nakubali kwamba bila Summers tungo zingebaki kwenye daftari. Lakini daftari lilikuwepo, ndiyo hoja yangu. Mashairi ya So Lonely mengi yametoka kwenye wimbo wa Last Exit uitwao Fool in Love. Bring on the Night imeokota kutoka wimbo mwingine wa wakati huo huo. I Burn for You, aliyokuja kuitoa 1982, ni ya Newcastle. Alihama na akiba.

#25 Kanda Mbovu
Kwa hiyo hata huko wanarudia nyimbo za bendi ya zamani wakihamia bendi mpya? Hapa kwetu mwanamuziki akihama na wimbo wake inakuwa kesi mpaka kwa afisa utamaduni.

#26 Mzee wa Santuri
Swali zuri, na hapa tofauti ni kubwa. Kwetu miaka hiyo hiyo vyombo vilikuwa vya taasisi: NUTA, JKT, hao Polisi Jazz wako. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara, gitaa si lake. Ukihama unaacha gitaa na mara nyingine unaacha hata mtindo. Sting alihama na besi yake, na nyimbo zake ziko chini ya jina lake.

#27 Msanii wa Nakuru
Mzee, jina lake ndiyo, haki zote hapana. Alisaini mkataba wa uchapishaji wa nyimbo na kampuni ya Virgin akiwa bado hana kitu, na mwaka 1982 aliwapeleka mahakamani akitaka nyimbo zake, mwisho wakaelewana nje ya mahakama. Kwa hiyo msifikiri Ulaya ni peponi. Kijana mwenye njaa akiwekewa karatasi mezani anasaini, London au Nairobi. Ndugu yangu wa damu amesaini moja hapa, mpaka leo wimbo wake unapigwa matangani na harusini, yeye anasikia tu kama mimi na wewe.

#28 Chaki na Ubao
Inauma sana hiyo. Mwambie asikate tamaa, atafute wakili.

#29 Mpenda Chati
Naona hakuna aliyetaja bahati na nywele, ngoja niwe mimi.

Februari 1978 hawana pesa, wanapata kazi ya tangazo la bazoka la Wrigley, mwongozaji Tony Scott. Linataka bendi ya panki yenye nywele za dhahabu. Wanapakwa. Tangazo halikurushwa kamwe, nywele zikabaki. Ghafla watu watatu wa umri tofauti, mmoja amekula miaka 35, wanaonekana kama ndugu wa tumbo moja. Pichani huwezi kuwasahau.

Lakini hata hivyo mambo yaligoma! Roxanne ilitoka Aprili 1978, haikugusa chati. BBC wakaipiga marufuku kwa sababu ni ya kahaba. Can't Stand Losing You ikatoka Agosti, ikaishia nafasi ya 42.

#30 Fundi Redio
Mpenda Chati, namba zako safi, ila Roxanne haikupigwa marufuku. BBC hawakuipanga kwenye ratiba yao tu, na bendi yenyewe ndiyo iliyobandika mabango ya kwamba imepigwa marufuku ili iuzike. Iliyoleta shida ya kweli ni hiyo ya pili, kwa sababu ya jalada: Copeland amesimama juu ya pande la barafu, kitanzi shingoni, pembeni hita inaiyeyusha.

#31 Mwana wa Kigamboni
Duh. Jalada la namna hiyo hata leo lingefungiwa. Sasa kama zote mbili ziligoma nyumbani, walitokaje?

#32 Msanii wa Nakuru
Marekani, boss. Hapo ndipo ile familia ilifanya kazi. Oktoba 1978 wakapanda ndege za bei nafuu za Freddie Laker, vyombo vyao wakavibeba kama mizigo, wakaanzia klabu ya CBGB, New York. Kisha gari moja la mizigo, wao watatu na msaidizi, klabu hadi klabu. Albamu ilikuwa haijatoka huko. Kuna usiku Poughkeepsie walipiga mbele ya watu wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, wakapiga kwa nguvu zote. Redio za huko zikaanza kuishika Roxanne, ikafika nafasi ya 32 Marekani mwaka 1979. A&M Uingereza wakaitoa upya, ikafika 12. Wakarudisha na Can't Stand Losing You, ikafika 2.

#33 Mpenda Chati
Na ikazuiwa kushika namba moja na The Boomtown Rats wa Bob Geldof. Halafu Septemba 1979 utamu wenyewe: Gary Numan anashika namba moja na Cars, wiki moja tu, anang'olewa na Message in a Bottle. Mmoja wa sinthesaiza, albamu nzima haina gitaa zaidi ya besi. Mwingine amejengwa juu ya rifu ya gitaa inayonyoosha vidole mpaka viume. Wote wanaitwa wimbi jipya, yaani new wave! Ndiyo maana jina hilo mimi silielewi mpaka leo. Kwangu lilikuwa kapu la kuwekea kila asiyeitwa mpanki.

#34 Bin Kibokoni
Kapu, ndiyo, lakini liliwaokoa. Mwaka 1977 kijana wa Last Exit angesema hadharani "mimi mpiga jazi" angetupiwa chupa. Akanyoa, akavaa ovaroli, akapiga haraka. Kufikia 1985 akaweka wazi kila kitu: akamchukua mpiga saksafoni Branford Marsalis na vijana wa jazi wa Marekani, akarudi alikoanzia. Yamaanisha ile miaka minane aliibeba jazi chini ya koti.

#35 Gitaa Kavu
Sikubali "chini ya koti". Sikiliza Next to You, wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza. Ile ni mbio ya kweli, hakuna anayeigiza. Panki ilimpa kitu ambacho wazee wa jazi hawakumpa: kufupisha. Last Exit walipiga nyimbo ndefu zenye solo ndefu, watu wa Newcastle wanapiga makofi kwa adabu. London alifundishwa kumaliza hadithi ndani ya dakika tatu. Nadhani hilo ndilo lililomtengeneza, na hakuna aliyelisema humu.

#36 Mzee wa Santuri
Gitaa Kavu, ningependa kukupinga lakini nyimbo ziko upande wako. Ila kufupisha kunataka uwe na cha kufupisha.

#37 Mama Tunu
Habari zenu. Nimefika nimechelewa, nimesoma zote. Mmewahesabu wanaume wote waliopita karibu na Sting, mpaka daktari wa studio na mwenye ndege. Mkewe hakuna aliyemtaja.

Frances Tomelty, mwigizaji kutoka Ireland ya Kaskazini, mtoto wa mwigizaji Joseph Tomelty. Walikutana kwenye onyesho la Rock Nativity, jukwaa la University Theatre Newcastle, yeye akiigiza, Sting na wenzake wakipiga muziki. Wakaoana Mei 1976, mtoto akazaliwa Novemba, na Januari wakafunga safari kwenda London na kichanga. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi inayojulikana, yeye ndiye aliyeujua mji. Wenzake wa Last Exit waliahidi kumfuata Sting, wakaghairi. Mke alikuwa tayari njiani.

Na mtu wa besi anayepata tangazo la bazoka, halafu anapewa kuwa Ace Face kwenye filamu ya Quadrophenia ya 1979, mnadhani habari za usaili na mawakala wa waigizaji alizitoa wapi, kwenye yadi ya meli? Filamu ile ilitoka mwaka ule ule The Police wanashika namba moja, sura yake ikawa kila mahali. Nyumba yake ilimfungulia mlango ambao Miles Copeland hakuwa na ufunguo wake.

#38 Dada wa Besi
Mama Tunu, shikamoo. Hili lilitakiwa liwe post ya pili.

#39 Nyota ya Tyne
Mama, uko sahihi kabisa, na huku Newcastle wenye umri wao wanalijua. Ila nauliza kwa heshima: umaarufu wa sura ulikuja baada ya Roxanne kurekodiwa. Wimbo wenyewe mkewe anaingiaje?

#40 Mama Tunu
Marahaba mwanangu Dada wa Besi. Nyota, anaingia kwenye kodi ya nyumba. Mwaka mzima wa 1977 The Police walikuwa wanapata pauni chache kwa onyesho, mara nyingine wanajigawia baada ya kuilipa bendi kuu. Mtu mwenye kichanga hakai mwaka mzima akitunga nyimbo kama hakuna mwingine analeta chakula. Nimeishi na mwanamuziki, hesabu hiyo naijua vizuri.

#41 Fundi Redio
Hapo siwezi kubisha. Lakini hata Copeland alikuwa anawapa mahali pa mazoezi na vyombo, na...

#42 Kanda Mbovu
Fundi na Copeland wako! Haya, kuna anayejua Padovani alikwenda wapi? Namhurumia.

#43 Gitaa Kavu
Usimhurumie. Baadaye Miles alimchukua kwenye lebo yake ya I.R.S., akawa mkubwa wa upande wa Ulaya. Na The Police waliporudiana 2007, pale Stade de France, Paris, walimwita jukwaani akapiga nao Next to You. Wanne tena, kama Mont-de-Marsan.

#44 Kanda Mbovu
Next to You kodi zake ni zipi? Jirani ametoka, nina nafasi.